Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya filamu,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba deni la projekta tumelimaliza, na kwamba wanaodaiwa ada bado ni wengi mno. Muda uliobaki naomba niutumie kwa filamu moja.

Mwaka huu hakuna iliyotufanya tukae vitini baada ya taa kuwashwa kama ile filamu fupi ya 1965 ya Antonio Carlos da Fontoura, inayomhusu Heitor dos Prazeres wa Rio de Janeiro, mchoraji na mwanamuziki wa samba. Alizaliwa 1898, miaka kumi baada ya utumwa kufutwa Brazili. Baba yake alikuwa seremala, naye akaurithi ufundi huo. Akajifunza pia kupiga cavaquinho, lile gitaa dogo la nyuzi nne, na akawa miongoni mwa walioziasisi shule za kwanza za samba. Hizo si shule za ubao na chaki. Ni vikundi vya mtaa vyenye sare, nyimbo na ushindani, kama walivyokuwa Marini na Arinoti, vikundi vyetu vya zamani vya ngoma ya beni.

Brashi aliishika akikaribia miaka arobaini. Mwaka 1951 picha yake ya wafanyakazi wa kinu cha miwa ilipata tuzo katika maonyesho makubwa ya kwanza ya kimataifa ya São Paulo. Zitazameni vizuri picha zake: watu huonekana kwa upande, vichwa vimeinuliwa, visigino juu, tari mkononi. Hakuna aliyeinama. Kwangu mimi huo ni msimamo wa mtu aliyejua vema alikotoka.

Wengi mliniuliza kuhusu Praça Onze, mtaa wa utoto wake. Ulikuwa makazi ya watu weusi, na eneo lile likaitwa Afrika Ndogo. Kati ya mateka waliopelekwa Rio walikuwemo wengi kutoka Msumbiji, kwa hiyo habari hii inatugusa kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1940 sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa kupisha barabara ya Presidente Vargas. Yeye akaendelea kuuchora.

Kamera ilimfikia mwaka 1965. Oktoba 1966 akafariki.

Hapo ndipo kamati ilipopata hoja tunayoileta kwenu leo. Hapa Dar es Salaam Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na 1972 alikuwa ameshafariki. Wapo wazee wa taarabu, wa ngoma na wa brashi ambao bado tunao, na tunawapita barabarani kila siku. Tunaomba mkutano uridhie kwamba mwakani sehemu ya ada itumike kutengeneza filamu fupi za wazee hao, tukianza na mmoja. Mzee aulizwe kwanza, alipwe kwa muda wake, na nakala ya kwanza iwe ya familia yake. Asiwekewe msimulizi wa kumsemea; azungumze mwenyewe, huku akifanya kazi yake.

Mwenye jina la kupendekeza amwandikie katibu kabla ya mkutano kufungwa. Kisha tupige kura.