Mwanangu, soma hii kabla hujafunga sanduku

Mwanangu mpenzi,

Natumai u mzima. Tiketi yako ya ndege ya kwenda chuoni ng'ambo nimeiona, na nilichoangalia kwanza ni jina. Herufi za kwenye tiketi zinalingana na za kwenye pasipoti, moja baada ya nyingine, na nimeshukuru, kwa sababu wengi hugundua kasoro hiyo wakiwa wameshasimama kaunta. Pasipoti nayo itakuwa hai kwa zaidi ya miezi 6 baada ya safari, kama nchi nyingi zinavyodai. Kadi ya njano ya chanjo iweke ndani ya pasipoti hiyo hiyo. Tangu 2016 chanjo ya homa ya manjano inatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba yako imepitwa na wakati.

Makaratasi basi yamekwisha. Limebaki jengo lenyewe, na najua ndilo linalokunyima usingizi, maana maswali yako yote ni ya uwanja wa ndege, ya ndege yenyewe hakuna hata moja. Sikulaumu. Ndani ya ndege utakaa tu, wanaofanya kazi ni wengine. Uwanjani mwenye kazi ni wewe. Lakini kazi yenyewe si kubwa ukishajua kwamba kila ofisa utakayesimama mbele yake anataka jambo moja tu. Wa kaunta anataka kujua wewe ni nani na mzigo wako una kilo ngapi. Wa ukaguzi anataka kuona ulichobeba. Wa uhamiaji anataka kujua kama una ruhusa ya kwenda unakokwenda. Mpe kila mmoja chake usonge mbele. Wanaokwama ni wale wanaomsimulia wa ukaguzi habari za viza.

Sasa saa. Hapa naomba utulie, kwa sababu sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza ndipo tunapoumbuka. Tiketi yako imeandikwa 00:45, tarehe 15. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake nyumbani unatoka tarehe 14 jioni! Wapo watu waliojitokeza uwanjani usiku wa tarehe 15, wameoga, wamenukia, wamesindikizwa na ukoo mzima, na ndege yao imeshatua ng'ambo tangu asubuhi. Uwanjani tarehe hubadilika saa sita usiku kamili, na saa zinahesabiwa mpaka 24: 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku. Tena saa ya kuondoka ni ya hapa unapotoka, na ya kufika ni ya huko uendako, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine ukidhani utapata urefu wa safari.

Fika masaa matatu kabla. Kaunta za safari za nje mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa imefungwa, hata uwe umebeba machozi. Utachoka kusubiri. Choka tu.

Kwa simu unaweza kujiandikisha siku moja kabla na ukapata kadi ya kupandia ndege bila kuonana na mtu. Fanya hivyo, ila ukumbuke kwamba sanduku kubwa bado lazima ulipeleke kaunta. Na ichapishe kadi hiyo kwenye karatasi. Simu huzimika chaji, karatasi haizimiki.

Tiketi yako inaruhusu kilo 23 kwa sanduku na kilo 7 kwa begi la mkononi. Pima nyumbani, siyo kwa kukadiria kwa mkono. Nimeshawahi kumwona baba mmoja, mtu wa heshima zake, amepiga magoti katikati ya ukumbi na sanduku wazi, anahamisha viatu kwenda begi la mkononi na makoti anayavaa moja juu ya jingine, foleni nzima ikimhesabia soksi. Kilo za ziada hulipiwa, na uwanjani ndipo zinapouzwa ghali kuliko popote.

Mhudumu atafunga kwenye mkono wa sanduku lako karatasi ndefu yenye mistari myeusi na herufi tatu kubwa. Zisome hizo herufi kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda. Kila uwanja una zake: Heathrow wa London ni LHR, Gatwick wa London huo huo ni LGW, Dubai ni DXB. Ziwe za uwanja wako wa mwisho. Kama ni za uwanja wa katikati tu, uliza palepale, kwa sauti ya kawaida: "Mzigo wangu unafika mpaka mwisho, au nitauchukua njiani?" Si swali la kishamba. Wanaosafiri kila wiki nao huliuliza. Wanaoingia Marekani, kwa mfano, kwa kawaida huchukua mizigo yao kwenye uwanja wa kwanza wanaotua, wakapita nayo forodha, ndipo wakaikabidhi tena, hata kama karatasi imeandikwa mji mwingine. Kipande kidogo chenye namba ya sanduku watakibandika nyuma ya kadi yako au watakupa mkononi. Usikitupe mpaka sanduku liwe chumbani kwako.

Watakuuliza pia kama mzigo umeufunga mwenyewe. Jibu liwe ndiyo, na liwe kweli. Kwenye foleni anaweza kukujia mama mwenye uso wa huruma akuombe umbebee kifurushi kidogo tu, eti kilo zimemzidi. Mwambie hapana, shikamoo, hapana. Kitakachokutwa ndani ya begi lako ni chako, na hakuna askari atakayekwenda kumtafuta huyo mama.

Kisha ukaguzi, ambao ndio unaowatoa watu jasho. Kabla hujaufikia, ukiwa bado kwenye foleni, vua mkanda, toa simu, sarafu, saa na funguo, vyote uvitie kwenye mfuko wa nje wa begi na kuufunga. Usivishike mkononi. Utachukua trei la plastiki, utaweka begi, na mara nyingi kompyuta peke yake kwenye trei la pili, isipokuwa pale wenye mashine mpya watakapokuambia uiache ndani. Viatu inategemea. Marekani waliwavua watu viatu kwa karibu miaka 20, wakaacha 2025, lakini kwingine bado unaweza kuambiwa uvue, kwa hiyo vaa vinavyovulika kwa urahisi na soksi zisizo na tundu. Sukuma trei mpaka uone limeingia ndani ya mashine ya eksirei, ndipo na wewe upite kwenye fremu. Ikilia, usirudi nyuma na usikimbie. Simama. Watakupapasa, wa kike kwa wa kike na wa kiume kwa wa kiume, na mara nyingi kumbe ni kifungo cha suruali.

Vimiminika vinawatoa watu machozi kuliko vyote. Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na tangu hapo dunia karibu nzima inahesabu mililita. Ndani ya begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100, na zote zikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kinachopimwa ni chupa, siyo kilichobaki ndani yake. Losheni ya mililita 200 iliyobaki robo itatupwa. Dawa ya meno ni kimiminika, mafuta ya nywele ni kimiminika, jeli pia. Dawa ya hospitali unayoihitaji safarini inaruhusiwa, ila ionyeshe mwenyewe kabla hawajaiuliza, pamoja na cheti chake. Viwanja vichache vimelegeza masharti haya baada ya kufunga mashine mpya, lakini wewe funga begi kana kwamba hakuna aliyelegeza. Maji usinunue nje: nenda na chupa tupu, ukishapita uijaze ndani.

Pawabenki nayo kinyume chake, ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye sanduku kubwa. Betri za lithiamu zikishika moto lazima kuwe na mtu wa kuuona na kuuzima, na chini kwenye mizigo hakuna mtu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri, na yako iliyoandikwa 20,000 mAh ni kama 74, iko salama. Baadhi ya mashirika hayataki uitumie mkiwa angani, basi simu ichajiwe kabla.

Na utani, mwanangu. Wewe ni mcheshi na nakupenda hivyo, lakini kuanzia mlango wa uwanja mpaka mlango wa ndege neno bomu halipo kwenye lugha yako. Wala usipige picha kwenye ukaguzi na uhamiaji, hata kama taa zake zinapendeza.

Uhamiaji ni dakika chache. Pasipoti, kadi ya kupandia, pengine alama za vidole na picha. Unakwenda wapi, kufanya nini, kwa muda gani? Jibu ulichoulizwa ukome hapo. Woga huwafanya watu wasimulie maisha yao, na kila sentensi ya ziada huzaa swali. Barua ya chuo na anwani ya utakapofikia viwe kwenye karatasi, begi la mkononi, kwa sababu utaulizwa tena ukitua, na pale unaweza usiwe na intaneti.

Baba yako amepita hapa akauliza kama naandika barua au katiba. Naendelea.

Ukishavuka hayo yote utajikuta kwenye ukumbi wenye maduka, na hapo ndipo akili za watu hulala. Wameshapita, wanadhani wamefika. Viwanja vikubwa siku hizi vimepunguza matangazo ya vipaza sauti, kwa hiyo usingoje kuitwa jina. Tafuta skrini, tafuta namba ya ndege yako, siyo jina la mji tu, kwa sababu ndege mbili zaweza kwenda mji mmoja kwa kufuatana. Angalia geti, yaani mlango wa kupandia ndege. Nenda mpaka pale ulione kwa macho, hata kama muda bado, maana geti jingine ni mwendo wa dakika ishirini na treni katikati. Ukishaliona rudi ukatembee, ukale, ukajisaidie. Lakini kila baada ya muda tazama skrini, kwa sababu geti huhamishwa na anayehamishwa hapigiwi simu. Kwenye kadi yako kuna saa mbili: ya kupanda na ya kuondoka. Ishi kwa ile ya kupanda. Geti hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya kuondoka, na vijana wawili watatu hukosa ndege wakiwa wameketi hatua chache kutoka getini, masikio yamezibwa na muziki.

Ndege yenyewe sina mengi. Masikio yataziba ikipanda na ikishuka, meza mate au tafuna kitu. Utasikia mngurumo na mgongano chini ya miguu mara tu baada ya kuruka: ni magurudumu yanakunjwa. Muda mfupi baadaye injini zitapunguza sauti, na utahisi kama inashuka. Haishuki.

Kwenye uwanja wa kuunganisha usifuate kundi, kwa sababu wengi wa kundi hilo wanatoka nje na wewe hutoki. Fuata mishale ya abiria wanaounganisha ndege. Huenda ukakaguliwa upya, na maji uliyojaza huku yakamwagwa huko. Ukichelewa kwa sababu ndege ya kwanza ilichelewa, na safari yote iko kwenye tiketi moja kama yako, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Nenda kaunta yao, simama na namba ya tiketi mkononi, usilie.

Ukifika mwisho: uhamiaji kwanza, kisha mkanda wa mizigo, kisha forodha. Masanduku meusi yanafanana, ndiyo maana nimelifunga lako kitambaa chekundu, na najua utanung'unika. Lisipotokea, usitoke nje ya ukumbi huo. Humo humo kuna dawati la mizigo. Watajie namba ya kile kipande, wakupe ripoti ya maandishi, ndipo uondoke. Likija limevunjika, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa ni siku 21 tangu ulipolipata. Ndiyo sababu vyeti, dawa, kompyuta na nguo ya kubadili haviingii sanduku kubwa.

Forodhani kama huna cha kutangaza pita mlango wa kijani. Nje watakuvamia madereva, wengine watalishika toroli lako kabla hujajibu. Lishike na wewe. Aliyetumwa na chuo atakuwa na bango lenye jina lako; mwingine yeyote, hata akijua jina lako, hukumwita.

Nipigie ukishaingia kwenye gari lenyewe. Hata kama huku ni usiku wa manane, nitakuwa macho.

Mama yako