Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Bustani

Ndugu wanachama, mabibi na mabwana, Assalam aleikum, na habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara 10, Mei tukazuru Haller Park, machimbo ya zamani kule Bamburi, tukauza miche ya asumini, mlangilangi na mrehani, na tukapanda miarobaini katika shule mbili za Likoni. Picha ziko kwenye WhatsApp. Mapato ya mwaka ni Sh 118,400: ada Sh 62,400, miche Sh 38,000, kukodisha hema letu Sh 18,000. Matumizi Sh 109,700. Salio Sh 8,700. Mweka hazina ana stakabadhi zote, anayetaka amfuate.

Sasa niingie kwenye kamelia, yale maua tuliyoyanunua kutoka bara, maana najua ndiyo iliyowaleta leo wengine ambao sijawaona tangu Januari.

Imesemwa kwamba mwenyekiti alichukua pesa za chama akanunua maua ya baridi kuyaleta Mombasa. Sikuchukua. Uamuzi ulipitishwa na mkutano wa Machi. Katiba yetu inataka theluthi ya wanachama 57, yaani 19, na 19 ndio tuliokuwepo, tukiwahesabu wawili walioingia wakati mahamri yanapitishwa. Miche 30 kwa Sh 650, na nauli ya mzigo kwenye basi la usiku Sh 4,000, jumla Sh 23,500. Mwenye pingamizi angelitoa pale pale, si harusini wiki tatu baadaye.

Kuna aliyeuliza kwenye kundi kama kamelia ni chakula cha ngamia. Tulicheka, lakini jina limetokana na Georg Joseph Kamel, bruda Mjesuiti aliyekusanya mimea huko Ufilipino. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyeupa mmea jina lake. Wala si mgeni kwetu kama mnavyodhani. Chai mnayokunywa kila asubuhi ni kamelia pia, Camellia sinensis, na Limuru imepandwa tangu 1903. Hoja yangu ya Machi ilikuwa hiyo: ikiwa nduguye anastawi safari ya usiku mmoja kutoka hapa, sisi tunashindwa na nini? Nakiri kwamba Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na sisi bahari tunaioga.

Lakini kilichoua miche mingi si joto peke yake. Kamelia inataka udongo mchachu, kipimo cha uchachu (pH) 5 hadi 6.5 hivi. Kisiwa hiki ni matumbawe. Ukichimba kidogo tu unagonga jiwe jeupe, na jiwe hilo ni chokaa. Chokaa huyafunga madini ya chuma, mizizi isiyapate. Ndiyo maana majani yenu yaligeuka manjano yakabaki na mishipa ya kijani. Karatasi ya maelekezo niliiandika kwa mkono wangu, nikaitolea nakala kwa pesa zangu: pandeni kwenye vyungu, msizike shina kwa kuwa mizizi yake ni ya juu juu, wekeni penye jua la asubuhi tu, mnyweshe maji ya mvua. Kuna aliyeupanda ardhini kando ya ukuta uliopakwa chokaa, akawa anaumwagilia maji ya mkokoteni, na sote tunajua yanatoka kisima gani. Simtaji.

Hesabu ni hii: 18 imekufa, mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani, 11 iko hai. Yote 11 iko kwenye vyungu.

Minne kati ya hiyo iko kwangu Tudor, na imezua maneno. Ilibaki kwa sababu wenyewe hawakuja kuichukua, nami nilipiga simu. Niliihamishia kwenye mboji ya majani ya mvinje, fikra niliyoitoa Bamburi, ambako mivinje iliyopandwa kuanzia 1971 ndiyo iliyotengeneza udongo juu ya jiwe tupu la machimbo. Nikaiweka chini ya mwembe. Mmoja ulikuwa na matumba matatu. Mawili yakaanza weusi kwenye ncha, ukiyagusa yanadondoka mazima kiganjani. La tatu lilifunguka alfajiri moja ya Agosti, kusi ikivuma: jekundu, petali zimepangana kama mikunjo ya kilemba, upana wa kisahani cha kahawa. Harufu halina. Mke wangu alilinusa, akaniangalia, akarudi kwenye asumini yake. Picha niliituma kwenye kundi. Walioijibu ni watu 6.

Mwanachama mmoja alisema Machi kwamba tununue sasankwa, aina ya kamelia inayovumilia jua na joto kuliko japonika, aina tuliyoinunua. Kumbukumbu zinaonyesha, na sikatai. Kitalu kile cha bara kilikuwa na japonika tu, na gari lilikuwa linaondoka.

Kuhusu ada. Waliolipa Sh 2,400 ni 26. Wasiolipa ni 31, na deni lao ni Sh 74,400, zaidi ya mara tatu ya hizo kamelia mnazozililia. Mikutano nayo, Septemba tulikuwa 8, na mmoja alikuja kumsubiri mkewe. Viti nilivipanga mimi, nikavikusanya mimi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata tangi la kuvunia maji ya mvua, na pengine kuzuru bustani za Lamu iwapo fedha zitaruhusu. Kamelia zilizobaki tutazitazama kaskazi hii. Zikivuka Machi, tutazungumza.

Vyungu 5 vikubwa vya chama havijarudishwa tangu maonyesho. Vina alama ya rangi ya buluu chini. Vinaweza kuachwa langoni kwangu, hata usiku.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti