Kaseti ya babangu ilienda wapi?

Bwana Mhariri, naomba nafasi kidogo manake hili jambo limenikaa rohoni miaka mingi.

Kila ikitajwa kesi ya dawa za kulevya ya wale ndugu wawili wa Akasha, Baktash na Ibrahim, wa hapa Mombasa, barazani lazima atokee mtu aseme makachero wetu hawajui kazi, eti mpaka Mmarekani aje ndio watu wafungwe. Mimi huwa nanyamaza ila leo wacha niseme. DEA, kikosi cha Marekani cha kupambana na dawa za kulevya, hawakufanya uchawi, walituma watu wakajifanya wanunuzi wa genge la Colombia, wakakaa nao, wakapatana bei, huku simu na mikutano inarekodiwa, hadi mwaka 2014 zikatoka kilo 99 za heroini na kilo 2 za meth. Januari 2017 wakapelekwa New York na Oktoba 2018 wote wawili wakakubali makosa, kwani mtu ataikana vipi sauti yake mwenyewe? Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim 23.

Sasa babangu alikuwa askari kanzu, miaka ya tisini, wakati idara ya upelelezi, DCI ya leo, bado ikiitwa CID. Aliingizwa kwa wauza unga akajifanya mchuuzi wa samaki mwenye dau lake, miezi nane, jina si lake, na sisi watoto tukaambiwa tukimwona sokoni Kongowea tusimwamkie. Kinasa sauti alikifunga tumboni kwa plasta chini ya shati. Kaseti upande mmoja ni dakika 45 tu na ikifika mwisho inajizima yenyewe na kuruka klik, na hiyo klik ikisikika chumbani basi wewe ni maiti, kwa hivyo mzee alikuwa anahesabu dakika kichwani huku anacheka nao na kutafuna miraa, zikikaribia anasema tumbo linamsumbua, anaingia chooni kugeuza kaseti. Usiku mama anambandua ile plasta kwa mafuta ya nazi na ngozi inatoka nayo. Mpaka leo kiunoni ana alama kama ameungua.

Kesi ikafika kotini. Siku ya ushahidi kaseti haikuwepo. Iliandikwa kitabuni, ikapewa namba, ikawekwa stoo ya vielelezo ya kituo fulani, lakini siku hiyo hakuna anayejua ilipo. Washtakiwa wakatoka wakapita mbele ya babangu, na mmoja akamwita kwa lile jina lake la uongo akacheka. Tulihama nyumba wiki hiyohiyo.

Kwa hivyo mtu akiniambia makachero wetu hawajui kazi naumia sana. Kazi wanaijua, shida iko kwa wanaopokea ile kazi. Leo si kaseti tena, ni simu na flashi, na Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti kuhusu chombo kilichotoa ushahidi na jinsi ulivyopatikana. Cheti ni karatasi tu jamani! Halafu pia kuwe na kibali cha korti kabla ya kusikiliza simu za watu, manake Katiba ibara ya 31 inalinda mawasiliano ya kila mtu, na kachero aliyehatarisha roho hastahili kuona kazi yake inatupwa nje kwa sababu mkubwa wake aliona uvivu kwenda kwa jaji.

Nawaomba DCI na ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka, rekodi itoke kwa kachero iende nakala mbili, sehemu mbili, na kila anayeishika aandike jina na saa, na yule kachero mwenyewe akitoka huko ndani apewe likizo na mtu wa kuongea naye, sio Jumatatu anarudishwa zamu kama alikuwa harusini.

Mzee yupo, amezeeka, hotelini bado anakaa ameangalia mlango. Ile namba ya kaseti aliinakili kwenye daftari lake na hajalitupa. Anayetaka kuitafuta aje tumpe.

Mtoto wa askari kanzu,
Kisauni, Mombasa