Msikate sauti ya msimulizi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaorusha filamu kubwa za kale za Hollywood, na hasa wanaoziingizia sauti za Kiswahili. Utangulizi wake hukatwa ovyo kana kwamba ni tangazo la biashara.

Chukua The Ten Commandments ya 1956. Kabla hadithi haijaanza, mwongozaji Cecil B. DeMille anatokeza mbele ya pazia na kusema na watazamaji. Anaeleza kuwa Biblia imeruka miaka kama 30 ya maisha ya Musa, na kwamba pengo hilo limezibwa kwa maandishi ya kale, yakiwamo ya Philo na Josephus, waandishi Wayahudi wa kale. Anataja hata urefu wa filamu: saa 3 na dakika 39. Zikiondolewa dakika hizo chache, anayekijua kitabu cha Kutoka atabaki akijiuliza mambo yote yale ya jumba la Farao yametoka wapi.

Ben-Hur ya 1959 ndiyo inayoumia zaidi. Majina ya waigizaji hutanguliwa na simulizi ya kuzaliwa kwa Yesu: watu wakienda kuhesabiwa, nyota, mamajusi, hori. Mkataji asiyejua huanzia kwenye majina, na Bethlehemu yote inakwenda. Tena sauti inayosimulia ni ya Finlay Currie, ambaye ndiye Balthasar, mmoja wa mamajusi hao. Baadaye tunakutana naye akimtafuta yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima. Basi msimulizi na Balthasar wasomwe na mtu mmoja hata kwa Kiswahili, maana ni shahidi yuleyule.

Lugha nayo iwe ya Biblia, isiwe ya taarifa ya habari. "Amri ilitoka kwa Kaisari Augusto" imo tayari katika Luka 2. Mnatafuta nini kingine? Kosa la kawaida ni kutafsiri kila neno, kisha msomaji wa simulizi akimbizane na picha na kuziba kila kituo cha kimya. Punguzeni maneno, vituo viachwe. Kosa lingine ni kushusha sauti yote ya asili ili Kiswahili kisikike; muziki wa Miklós Rózsa, mtunzi wa muziki wa Ben-Hur, unazama pamoja na Kiingereza. Mwombeni msambazaji mkanda wa sauti wenye muziki na vishindo tu, usio na maneno.

Katika King of Kings ya 1961, mwanzoni jemadari wa Kirumi Pompey anaingia Hekalu la Yerusalemu, mwaka 63 kabla ya Kristo, na waigizaji karibu hawasemi kitu. Simulizi ndiyo inayobeba kila kitu. Iliandikwa na Ray Bradbury, ikasomwa na Orson Welles, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa kwenye filamu. Atakayeandaa toleo la Kiswahili ayaandike majina hayo mwishoni, na la msomaji wa Kiswahili liwe chini yake.

Mpenzi wa filamu za kale