Kesi imeondolewa, lakini hakuna aliyesikilizwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako, hasa vijana wa bodaboda, yaliyotukuta katika familia yetu.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda hapa Dar es Salaam. Alikamatwa na polisi, akapigwa, akalala mahabusu siku 4, kisha akaachiwa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kituo sikitaji. Ndugu tulichanga, akapata mtu wa kumwandikia hati ya madai, akafungua kesi ya fidia. Ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Siku tuliyodhani ni ya ushahidi, wakili wa Serikali akasimama na pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kuizuia kesi kabla ya ushahidi: Serikali haikupewa notisi ya siku 90 kwamba itashitakiwa, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali hakuunganishwa kama mdaiwa. Haikupita nusu saa, kesi ikaondolewa. Dada yangu alitoka nje akaniuliza, "Kwa hiyo wamesema hakupigwa?"

Hapana, dada. Mahakama haijasema hivyo. Kesi iliyoondolewa kwa kasoro ya utaratibu haijasikilizwa, na anaweza kuifungua upya. Nalirudia hili kwa sababu mtaani watu wameshaanza kusema polisi wameshinda.

Hakimu simlaumu, kwani sheria ndivyo ilivyo. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi hiyo, nakala yake ifike kwa Mwanasheria Mkuu, na kesi yenyewe iende Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020, asipounganishwa yeye, shauri zima linaharibika. Zamani ilikuwa ngumu zaidi: hukuweza kuishitaki Serikali bila kwanza kupata ridhaa yake, mpaka Mahakama ya Rufani ilipolibatilisha sharti hilo mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Na notisi nayo ina maana yake. Serikali ipate muda wa kuchunguza, pengine na kulipa bila kuburuzana mahakamani.

Ila dereva wa bodaboda angeyajulia wapi haya? Masjala ya mahakama walipokea karatasi zake, akalipa ada, akapewa namba ya kesi. Hakuna aliyemuuliza notisi iko wapi. Katiba, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Basi karani akiona mdaiwa ni polisi, aulize palepale. Mfano wa notisi, ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe masjala na katika ofisi za serikali za mitaa, ueleze inapelekwa kwa nani na nakala kwa nani. Na mawakili wa Serikali, nawaomba sana, pingamizi la namna hii mlitoe siku ya kwanza. Kwetu kila tarehe ya kesi ni siku isiyo na hesabu ya bosi mwenye pikipiki, na bosi haelewi habari za mahakama.

Notisi mpya tumeipeleka wiki iliyopita, safari hii kwa msaada wa msaidizi wa kisheria ambaye hakututoza hata shilingi. Ukomo wa miaka 3 wa kufungua madai ya aina hii haujafika, ila hauko mbali. Shahidi wetu mkubwa, dereva mwenzake wa kijiweni, amesharudi kwao Lindi, na simu yake haipatikani.

Mjomba,
Temeke, Dar es Salaam