Salamu za Krismasi kutoka Kampala

Ndugu zangu, nanyi wanafunzi wangu wa dansi mliokwisha kupanda mabasi kwenda vijijini, heri ya Krismasi.

Mjini hapa redio zimeanza tena nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya, mwanamuziki wetu wa Uganda. Ukizisikia dukani au ndani ya taksi, unajua Sekukulu imeingia. Mimi nikizisikia humkumbuka pia Alvin Ailey, mtunzi wa dansi wa Marekani. Desemba ya 1989 iliwachukua wote wawili: Ailey tarehe 1 mjini New York, Lutaaya tarehe 15 hapa Kampala. Ugonjwa ulikuwa mmoja, UKIMWI.

Ailey alizaliwa Texas mwaka 1931. Baba aliondoka yeye angali mchanga. Mama yake, Lula, akamlea kwa kuchuma pamba na kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 1958 alianzisha kundi lake, na mwaka 1960, akiwa na miaka 29, akatunga dansi ya Revelations kutokana na kanisa la utotoni mwake. Wamo waumini wenye nguo nyeupe wakienda kubatizwa mtoni, na mwishoni wamo akina mama wenye kofia wakijipepea kwa joto. Mnawajua akina mama hao, wamejaa makanisani kwetu! Hadi leo kundi lake hucheza New York kila Desemba.

Mwaka 1971 alimtungia mama yake dansi ya Cry, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mchezaji wake Judith Jamison alisimama peke yake jukwaani na kitambaa kirefu cheupe. Mara ni shela, mara ni tambara la kusugulia sakafu. Mtoto alikuwa ameiona vyema kazi ya mama yake.

Linaloniuma ni kwamba mama huyo huyo ndiye aliyefichwa ukweli. Ailey alimwomba daktari ataje ugonjwa mwingine wa damu, ili mama asibebe aibu. Mwaka ule ule wa 1989 Lutaaya alisimama mbele ya Waganda na wasio Waganda akasema anaumwa nini, kisha akazunguka mashuleni na makanisani, mwili ukiisha. Simlaumu Ailey hata kidogo. Kwetu pia mjomba alizikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, na sahani yake ilikuwa imetengwa kitambo.

Kwa hiyo, wanangu, baada ya matoke na kuku, muziki ukianza uani, mtazameni yule shangazi aliyebaki ndani. Msimuulize kitu. Mshikeni mkono tu, acheze hata hatua mbili.

Mimi usiku wa leo napanda basi la Arua, kwa mama. Amekwisha kuniambia adungu, vinubi vya kwetu, zitakuwepo, na kwamba safari hii atacheza yeye kwanza. Krismasi njema, na mwaka mpya wenye afya.