Chemshabongo ya michoro ipime jicho, si kumbukumbu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe maoni yangu kuhusu chemshabongo ya michoro maarufu ya Ulaya na Marekani ambayo gazeti lako limekuwa likiichapisha, ile inayomwonyesha msomaji mchoro na kumtaka ataje jina lake na jina la aliyeuchora. Naipenda chemshabongo hiyo na sitaki ifutwe. Ninachopinga ni jinsi maswali yake yanavyoteuliwa, kwa sababu yanamtuza mtu aliyekwisha kuiona picha mahali fulani, wala hayamsaidii yule anayetaka kuujua mkono wa mchoraji hata autambue kwenye mchoro asioufahamu.

Michoro inayorudiwa ni ile ile: Mona Lisa wa Leonardo da Vinci, Usiku wa Nyota wa Vincent van Gogh, Ukelele wa Edvard Munch, Msichana Mwenye Hereni ya Lulu wa Johannes Vermeer, Busu la Gustav Klimt, na zile saa zilizolegea za Salvador Dalí. Yote hiyo imechapishwa kwenye vikombe, fulana na majalada ya madaftari kiasi kwamba mtu anaweza kuitaja bila kuwahi kuitazama kwa makini hata mara moja. Magazeti nayo, Mhariri, yana mchango wao katika jambo hili. Mona Lisa ulikuwa ukiheshimiwa na wajuzi tangu zamani, lakini ulienea machoni pa watu wa kawaida hasa baada ya Vincenzo Peruggia kuuiba katika jumba la Louvre mwezi Agosti 1911, magazeti yalipochapisha picha yake huku na huko na watu wakapanga foleni kutazama nafasi tupu ukutani. Ulipatikana Florence mwaka 1913, ukiwa tayari ni uso ambao kila mtu anaujua.

Tuchukue mfano wa Van Gogh. Msomaji aliyejibu sawasawa kuhusu Usiku wa Nyota, mchoro wa Juni 1889 alioufanya akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, huenda amekariri anga lile linalozunguka na si zaidi. Mwonyeshe Wala Viazi wa mwaka 1885, familia ya wakulima mezani chini ya taa moja, rangi za kahawia na kijani kibivu, hakuna nyota wala manjano ya alizeti, naye atatafuta jina la mtu mwingine kabisa. Hata hivyo mkono ni ule ule: rangi iliyobandikwa nzito, vidole vyenye mafundo visivyorembwa ili kumpendeza mtazamaji, na mistari ya brashi inayofuata umbo la kitu badala ya kulifunika. Aliyefunzwa kuviona hivyo katika mchoro mmoja atavikuta katika mingine mingi, nami nadhani huko ndiko kumtambua mchoraji.

Kuna dosari nyingine inayotokana na ukurasa wenyewe. Gazeti huchapisha kila mchoro kwa ukubwa mmoja, na mara nyingi huukata pembeni ili utoshe kwenye kisanduku. Mchoro wa saa wa Dalí, wa mwaka 1931, una sentimita 24 kwa 33 tu, si mkubwa sana kuliko karatasi ya kuandikia. Guernica ya Pablo Picasso, ya mwaka 1937, ina urefu wa karibu mita 7.8 na kimo cha karibu mita tatu na nusu. Ukiviweka bega kwa bega katika visanduku vinavyolingana, umemficha msomaji jambo la kwanza ambalo mtu aliyesimama mbele ya kazi hizo angelihisi. Kuhusu kukata, Doria ya Usiku ya Rembrandt, mchoro wa kikosi cha walinzi wa jiji uliokamilika mwaka 1642, ilikatwa kando zake mwaka 1715 ili ienee kwenye ukuta wa ukumbi wa jiji la Amsterdam, na kikundi kilichokuwa kikisogea mbele kikaonekana kimesimama katikati. Usiku wenyewe, kwa hakika, si usiku: vanishi iliyoingia weusi kwa miaka mingi ndiyo iliyoutia giza mchoro wa mchana. Gazeti halina haja ya kuongeza mkasi wake juu ya ule wa 1715.

Njia bora ya kufundisha jicho, kwa maoni yangu, ni kuweka pamoja michoro miwili yenye kisa kimoja. Wachoraji wa Ulaya walirudia visa vya kale mara nyingi mno, kwa hiyo mifano haitakwisha. Chukua kisa cha Judith, mjane anayemkata kichwa jemadari Holofernes ili kuuokoa mji wake. Caravaggio alikichora karibu mwaka 1599, na mchoro huo uko Palazzo Barberini, Roma. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja na kuangukia miili iliyo mbele ya giza. Judith ameshika upanga lakini mwili wake umejivuta nyuma na paji la uso limekunjamana, kama anayefanya kazi ambayo asingetaka imguse, huku mtumishi wake mzee akisubiri kando na kitambaa mkononi. Artemisia Gentileschi, aliyejifunza mengi kutokana na mwanga huo huo, alikichora karibu mwaka 1620 katika mchoro ulioko Uffizi, Florence. Giza ni lile lile, lakini mtumishi sasa ni kijana na amemkandamiza jemadari kitandani kwa uzito wake wote. Mikono ya nguo ya Judith imepandishwa, naye amenyoosha mikono yake miwili kwa nguvu ya mtu aliyekwisha kuamua, na damu inaruka. Msomaji akiulizwa ni upi wa nani, na kwa nini, atalazimika kutazama viwiko, mabega na mahali uzito wa mwili ulipo. Hata akikosea jina atakuwa amejifunza kitu, tofauti na anayekosea Mona Lisa, ambaye hupoteza pointi na basi.

Jambo hili si la ufundi wa wataalamu peke yao, ingawa wao ndio walioanza kuliwekea utaratibu. Katika miaka ya 1870, Giovanni Morelli, Mwitalia aliyesomea udaktari, alipendekeza kwamba mchoraji hujisaliti katika sehemu asizozifikiria: masikio, kucha, mikunjo midogo ya nguo. Sura na mkao wa jumla ni rahisi kuigwa, alisema, lakini sikio mtu hulichora kwa mazoea. Kwa kutazama hivyo aliutambua mchoro wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akiwa amelala, ulioko katika jumba la Dresden, Ujerumani, uliokuwa umeorodheshwa kama nakala tu, kuwa ni kazi ya Giorgione, mchoraji wa Venice. Wajuzi wa baadaye walikubali, wakiongeza kwamba Titian, mchoraji mwenzake, aliumalizia.

Majina yaliyobandikwa, kwa upande mwingine, yamewahi kupotosha kwa muda mrefu. Judith Leyster wa Haarlem, Uholanzi, alikuwa mchoraji wa kike mwenye uanachama katika chama cha wachoraji cha mji wake, lakini baada ya kufa kwake kazi zake ziliuzwa kama za Frans Hals, mchoraji mwingine wa mji huo, mpaka mwaka 1893, mjuzi wa sanaa Cornelis Hofstede de Groot alipoisoma saini yake, herufi mbili na nyota, kwenye mchoro uliodhaniwa kuwa wa Hals. Huko Berlin, Mtu Mwenye Kofia ya Dhahabu alipendwa na watu wengi kama Rembrandt halisi hadi miaka ya 1980, uchunguzi ulipoonyesha kwamba ni kazi ya mmoja wa wachoraji waliokuwa karibu naye. Hakuna tone la rangi lililobadilika kwenye ile kofia, lakini waliokuwa wakisimama mbele yake walipungua. Nakiri kwamba habari hiyo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Wajuzi wenyewe hawakusalimika. Mwaka 1937 Abraham Bredius, aliyesifika kwa kuijua michoro ya Kiholanzi, alitangaza kwamba Karamu ya Emau iliyokuwa imejitokeza ghafla ni kazi bora kabisa ya Vermeer, na jumba la Boymans la Rotterdam likaipata. Kumbe ilikuwa imechorwa na mghushi, Han van Meegeren. Ukweli ulijulikana mwaka 1945, alipokamatwa kwa sababu Vermeer mwingine aliyemuuza alifika kwa Hermann Göring, kiongozi mkubwa wa Wanazi, maadui wa Uholanzi vitani, naye akajitetea kwa kukiri kwamba ameughushi, kisha akachora mwingine mbele ya mashahidi. Leo nyuso za Emau zinaonekana wazi kuwa za karne ya 20, zenye kope nzito na midomo kama ya waigizaji wa sinema za zamani. Kilichowaponza wakubwa wale ni kwamba walikuwa wakitamani kuupata mchoro wa kidini wa Vermeer wa namna hiyo, na jina likatangulia macho.

Sidai kwamba jicho lililofunzwa litashinda kila mara. Michoro ambayo Picasso na Georges Braque waliifanya karibu mwaka 1911 inafanana kiasi cha kuwababaisha hata wanaoijua, na katika maonyesho ya Salon ya Paris ya mwaka 1865 watu walimpongeza Édouard Manet kwa mandhari ya bahari ambayo aliyeyachora ni Claude Monet. Msomaji anayechanganya majina hayo mawili asione haya.

Najua jibu moja utakaloletewa, kwamba chemshabongo ni burudani na si darasa. Lakini burudani ya kukariri sasa imekwisha utamu, maana simu yoyote ikielekezwa kwenye mchoro maarufu hutoa jina kabla msomaji hajashika kalamu. Simu hiyo haitamwambia kwa nini Judith huyu anavuta mwili nyuma na yule anausukuma mbele.

Naomba basi, Mhariri, kwamba chini ya kila mchoro muandike vipimo vyake, mwaka wake na jumba unakotunzwa, na kwamba usikatwe kando. Kwamba mara kwa mara muweke michoro miwili ya kisa kimoja na kumtaka msomaji aeleze sababu ya jibu lake kwa sentensi moja. Na kwamba wachoraji wakubwa waonyeshwe pia kwa kazi zao zisizojulikana sana. Kwa Vermeer kazi haitakuwa ngumu: michoro yake inayokubalika haizidi 40, na gazeti linaweza kuanza na Mmwaga Maziwa, wenye dirisha upande wa kushoto na nukta ndogo za mwanga juu ya mkate, wiki moja kabla ya kumleta tena yule msichana wa hereni.

Wako mtiifu,
Msomaji wa ukurasa wa chemshabongo